Kwa nini watu hurudi mazoezini bila malipo? Uzi wa maigizo ya nyimbo ya mtaani, Tanga

#1 Mkaa Chuda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna kauli nimeisikia mno hapa Tanga, vijiweni na maofisini: kikundi cha sanaa cha mtaani bila posho hakifiki mbali. Naipinga. Kwa niliyoyaona, posho imevunja vikundi vingi kuliko ukata, na leo nataka tulijadili hili kwa marefu yake.

Mimi nimo kwenye kikundi cha maigizo ya nyimbo hapa mjini. Jina silitaji maana sikuja kukitangaza. Waliomo ni fundi cherehani, dereva wa bajaji, walimu wawili wa shule ya msingi, kijana wa duka la dawa, mama wa vitumbua, mstaafu wa reli na wanafunzi wanaosubiri matokeo. Hakuna anayelipwa hata senti. Tunakutana baada ya alasiri kwenye darasa tuliloazimwa, tunasogeza madawati ukutani, tunaanza kuimba.

Igizo tulilonalo sasa ni la mkonge. Mnaijua historia yenyewe: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 likaja zao lililoiweka Tanganyika mbele ya dunia nzima kwa mkonge, na likawaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Wimbo wetu wa kufungulia unaimbwa na miche iliyosalimika njiani, na wanaoicheza ni watoto wa mtaa. Halafu wanaingia manamba, kila kundi na ngoma yake, na mnyapara anawahesabu.

Sasa swali. Mtu ametoka kazini amechoka, nyumbani kuna watoto, mfukoni hana kitu. Kwa nini anakuja kuimba wimbo wa mche wa mkonge, na kesho kutwa anarudi tena?

Wengi hujibu "anapenda sanaa" wakaishia hapo. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Wapo wengi wanaoipenda sanaa na wanaitazama wakiwa wamekaa kwao.

La kwanza ninaloliona ni kiitikio. Kwenye mchezo wa kuigiza wa maneno matupu, mwenye haya hana pa kujiegemeza. Ukimpa sentensi mbili, ni zake peke yake, akizisahau kila mtu anajua. Igizo la nyimbo lina waitikiaji. Mtu anaingia safu ya nyuma, anaitikia na wenzake, anazoea macho ya watu bila kulengwa na jicho la yeyote. Dereva wetu wa bajaji alikuja kumsindikiza dada yake. Alikaa dirishani. Baadaye akawa anaitikia akiwa palepale dirishani. Mwongozaji hakumwita, alimwacha. Leo ndiye mnyapara, anaingia peke yake na ubeti mzima, na ukumbi unanyamaza kumsikiliza. Kijana huyo ukimkuta kituoni hata bei anaitaja kwa sauti ya chini.

La pili ndilo kubwa kwangu: kuhitajika. Mtaani unaweza usionekane wiki nzima, watu wakadhani umesafiri. Mazoezini ukikosa siku moja wimbo haukai. Sauti ya tatu inapwaya, anayekupokea mstari anabaki amesimama mdomo wazi, na kabla ya magharibi simu yako imeita: "Uko wapi, unaumwa?" Mstaafu wetu wa reli haimbi. Yeye ndiye anayeshika ufunguo wa darasa. Anafika kabla ya wote, anafungua, anamwagia sakafu maji vumbi litulie, anapanga ngoma. Alitwambia kwamba tangu astaafu hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini amechelewa, mpaka alipojiunga nasi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba watu hawarudi kwa ajili ya siku ya onyesho. Onyesho lenyewe ni jioni moja au mbili. Wanarudi kwa ajili ya mazoezi, mahali ambapo nafasi yako ikiwa tupu inaonekana. Na posho inaiharibu nafasi hiyo. Nitaeleza namna inavyoiharibu, lakini kwanza nawasikiliza ninyi.

#2 Mgosi wa Mabawa

Mkuu, umeandika vizuri ila umelipamba mno. Nimewahi kuwa kwenye vikundi viwili hapa mjini, najua kinachoendelea. Vijana wengi wanaingia kutafuta kuonekana. Wanataka wapigwe video, wapate wafuasi, siku moja mtu wa Bongo Movie awaone. Akigundua kikundi hakina kamera, anaondoka.

La nauli ndiyo kabisa. Kijana anatoka Pongwe hadi mjini na kurudi, mara kadhaa kwa wiki, na kazi hana. Wewe unasema posho inavunja. Mimi nasema njaa ndiyo inayovunja. Rahisi kuikataa posho ukiwa unakaa Chuda.

#3 Sauti ya Nne

Naweka kambi hapa. Sisi wa kwaya tuna la kusema, nikitoka kazini nitarudi.

#4 Binti Pangani

Kaka Mkaa Chuda, ahsante kwa uzi huu. Niseme upande wa wanawake, maana naona mnazungumza kana kwamba nauli ndiyo kikwazo pekee.

Mimi nipo kikundi kingine, hapahapa Tanga. Nyumbani naitwa mama fulani. Dukani naitwa dada wa vitenge. Jukwaani nacheza wifi mkorofi, na kwa muda wote wa mazoezi nimeruhusiwa kufoka, kusuta, kumjibu mume, kuyasema yale ambayo mwanamke aliyelelewa kwetu anayameza. Sisemi kwangu kuna ugomvi, ndoa yangu ni ya amani. Ila kuna maneno yanamkaa mtu moyoni hata kwenye amani, na wimbo unayapa njia yenye heshima. Watu wa pwani tunalijua hilo tangu zamani, ndiyo kazi ya mafumbo ya taarab. Anayeimba anasema, aliyeguswa anajijua, na hakuna aliyevunjiwa adabu.

Kikwazo changu hakikuwa nauli, kilikuwa mama mkwe. Alisema mke wa mtu hapandi jukwaani kutazamwa. Sikubishana naye. Nilimwomba anisindikize mazoezini siku moja aone mwenyewe. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, kimya kabisa, mpaka tulipofika sehemu ya lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, kwenye harusi. Hapo akasimama. "Hivyo sivyo," akasema, "mnakimbizana kwenda wapi?" Kumbe usichanani alikuwa mchezaji wa lelemama, na mume wangu mwenyewe alikuwa hajui. Akatupanga mstari, akatuonyesha mstari unavyosogea kwa utulivu, kila mtu akimfuata wa mbele yake. Sasa yeye ndiye mwalimu wetu wa hatua, na siku nikitaka kukosa ananifokea yeye.

Nikimtazama mama yule naamini maneno yako, kaka, kwamba watu wanataka kuhitajika. Ila naongeza kitu. Kuna watu walio na jambo ndani yao ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza. Nadhani mitaa yetu imejaa watu wa namna hiyo.

Na kwa sisi wa Pangani, tuna wa kumtazama. Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, ni mtoto wa Pangani, na sauti yake ilipaa kwenye vikundi vya hapahapa Tanga, Black Star na Lucky Star. Nyumbani kwetu redio ikiimba yeye hakuna anayeruhusiwa kuongea.

#5 Babu wa Barabara ya Nane

Wanangu, nimesoma yote. Hili mnalolijadili lina umri mrefu kuliko posho na kuliko hizo kamera.

Vikundi vya kuimba, kucheza na kuigiza kwa kujitolea ni desturi ya miji yetu ya pwani tangu zama za Mjerumani. Beni, ngoma ya gwaride na matarumbeta, ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ikashuka huku. Tanga ilikuwa na makundi mawili pinzani ya beni, Marini na Arinoti, kama miji mingine ya pwani. Walikuwa na sare, gwaride, matarumbeta, na vyeo vya kijeshi walivyopeana wenyewe. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1975. Fikirini: mpagazi wa bandarini mchana anatumwa na kila mtu, jioni ni jemadari, ana watu wanaompigia saluti. Lile lilikuwa igizo kamili, lenye nyimbo, mavazi na wahusika, isipokuwa pazia tu halikuwapo. Na kina mama walikuwa na lelemama yao, kama alivyosema binti yetu hapo juu.

Sasa sikilizeni hili la fedha. Watu wale hawakulipwa. *Walitoa.* Walichangishana sare, walichangishana ng'ombe wa karamu, walitoa ili kundi lao lisiaibike mbele ya kundi pinzani. Vilabu vya taarab navyo vilikuwa hivyohivyo. Young Novelty ya miaka ya 1950, halafu Black Star iliyotoka humo ikaja na magita ya umeme, halafu Lucky Star. Vilikuwa vilabu, vyenye wanachama. Mtu wa Black Star alikuwa wa Black Star kama vile mtu alivyo wa Coastal Union au wa African Sports. Mashindano yale yalikuwa moto, na ndiyo yaliyotupa nyimbo nzuri.

Mkaa Chuda, kwenye hesabu yako hukutia ushindani. Utie. Watu wanarudi mazoezini pia kwa sababu kuna wengine mtaa wa pili nao wanafanya mazoezi.

#6 Mkaa Chuda

Babu, shikamoo. Nimekuelewa na nakubali. Sisi kwa sasa hatuna wapinzani, na huenda ndiyo sababu baadhi ya nyimbo zetu bado zinalegalega.

Binti Pangani, habari ya mama mkwe wako nimeisoma mara mbili. Nitawasomea wenzangu mazoezini, ukiniruhusu.

#7 Binti Pangani

Ruhusa unayo. Ila msome taratibu, mama atapenda.

#8 Muuguzi Makorora

Nichangie upande wa mwili, kwa kuwa ni jambo ninalolisoma.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, waliwapima wanakwaya mapigo ya moyo wakiimba pamoja. Mapigo yao yakawa yanapanda na kushuka kwa pamoja. Sababu yake haina maajabu. Wimbo unaamua mtavuta pumzi wapi, pumzi inauongoza moyo, basi wanaopumua pamoja mioyo yao inaenda pamoja.

Utafiti wa pili naupenda zaidi. Mwaka 2015 Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar wa Oxford waliwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono, wengine ya kuandika. Waliwafuata kwa miezi saba. Wale wa kuimba walijisikia karibu na wenzao *mapema* kuliko wengine. Lakini ilipofika mwisho wa ile miezi saba, madarasa yote yalikuwa yamefikia ukaribu uleule.

Maana yake kwangu ni kwamba wimbo unafungua mlango haraka. Kinachowabakiza watu ndani ni kule kukutana kwenyewe, wiki hadi wiki, wakifanya kitu kimoja.

Wagonjwa wangu wengi wa presha, hasa wazee, shida yao ya pili ni upweke. Nawapa dawa na kuwahimiza kupunguza chumvi. Siku hizi nawauliza pia, "Jioni unakaa na nani?"

#9 Mgosi wa Mabawa

Dada Muuguzi, hapo mwisho umenisaidia mimi. Kama mwisho wa safari wa kufuma na wa kuimba wako sawa, basi kikundi cha kufuma vikapu kingetosha, na vikapu vinauzika.

#10 Muuguzi Makorora

Vikapu ni kazi njema, siidharau. Lakini chukua kikundi cha Mkaa Chuda: Mdigo, Msambaa, Mmakonde, mwenye kanzu na mwenye msalaba, mwenye miaka 16 na mwenye 70. Watu wa namna hiyo wakikutana mara ya kwanza, kila mmoja anakaa na wa kwao. Ukisubiri miezi saba wazoeane, nusu watakuwa wameshaacha. Wimbo unawavusha zile wiki za mwanzo, na ndizo ambazo watu hukimbia.

#11 Mtanga Ughaibuni

Wana Tanga, salaam kutoka Leeds. Nilikulia Usagara, sasa huku ni mwaka wa kadhaa.

Nimeona niongeze kwa kuwa nami nimo kwenye kikundi cha watu wa ridhaa huku Uingereza, tunafanya maigizo ya nyimbo. Huku ni jambo kubwa sana. Wana chama chao cha taifa cha vikundi vya ridhaa, NODA, tangu mwaka 1899. Mwanzoni vikundi vingi vilikuwa vinaimba kazi za Gilbert na Sullivan, watunzi Waingereza wa maigizo ya nyimbo, na mpaka leo vipo vinavyoziimba. Marekani nako kuna kikundi cha Footlight Club, mjini Boston, kinachocheza tangu 1877.

Jambo lililonishangaza nilipojiunga ni kwamba mwigizaji ndiye anayelipa. Kuna ada ya uanachama ya kila mwaka, na ukipata uhusika kuna ada nyingine ya onyesho. Fedha hizo zinalipia ukumbi, wanamuziki, mavazi, na haki ya kulicheza igizo la mtu mwingine, maana huku huwezi kuchukua igizo la mtu ukalipandisha jukwaani bila kibali cha wenye haki. Daktari anasimama karibu na fundi bomba, wote wamelipa sawasawa, na hakuna anayejua mwingine anapata mshahara gani.

Sikuja kuwasifu kupita kiasi. Wanafanya usaili, na anayeshindwa anaambiwa hakufaulu. Nimeona mama wa makamo aliyekuwa kikundini miaka mingi akinyimwa hata nafasi ya kuitikia kwa sababu mwongozaji alitaka sura za vijana. Hakurudi tena. Hapo nawaombea ninyi msifike.

#12 Mkaa wa Kaole

Habari za Tanga, mimi ni jirani yenu wa Bagamoyo.

Kwetu mambo yana sura nyingine kwa sababu ya chuo. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981 baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, na mwaka 2007 kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake lilianza 1982, na limekuwa likijaza mji kila linapofanyika. Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo anakua akisikia marimba na ngoma, na anamjua mtu ambaye sanaa ndiyo ajira yake. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa ngoma za asili, alikuwa jirani yetu. Hilo ni baraka kubwa.

Lakini lina gharama yake. Mtu wa kawaida wa Bagamoyo, mvuvi au muuza mihogo, anajitazama anasema, "Wenye kazi yao wapo pale, mimi nani?" Sisi wachache tuliotaka kufanya igizo la nyimbo la mtaa wetu tulikuta ugumu huo kuliko ugumu wa fedha. Watu wanakuja kutazama, hawaji kushiriki. Waliotuokoa ni wanafunzi wa chuo wenyewe, waliokuja wakakaa nyuma, wakapiga ngoma, wakatuachia sisi mbele.

Halafu kuna somo la miaka ya 1980 ambalo nadhani linahusu uzi huu moja kwa moja. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza, na Msoga ambayo wakati huo ilikuwa wilaya yetu. Hawakupeleka igizo lililokwisha kutungwa. Walikaa na wanakijiji, wanakijiji wakataja shida zao, wakazitungia ngoma na maigizo wao wenyewe, kisha wakazijadili. Baadaye, mwaka 1996, wataalamu wa chuo hichohicho wakaanzisha Tuseme kwa wasichana wa sekondari, kwa njia ileile: msichana anaigiza yale ambayo asingethubutu kumwambia mwalimu uso kwa uso.

Ninachotaka kusema ni kwamba watu wanashiriki pale jambo linapokuwa lao. Igizo la mkonge kwa Tanga, naona hapo mmepata.

#13 Mgosi wa Mabawa

Naona wote mnamuunga mkono mtoa mada, nami nabaki peke yangu na nauli yangu ya Pongwe. Mkuu, uliahidi kueleza posho inaharibuje. Eleza.

#14 Mkaa Chuda

Mgosi, hauko peke yako. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, ndiyo maana nimelichelewesha.

Kabla ya kikundi hiki nilikuwa kwenye kikundi kingine. Tulianza kama hivi, bure, na tulikuwa wazuri. Ukaja mradi mmoja wa elimu ya afya, wakatupenda, wakataka tuimbe ujumbe wao vijijini. Kila mtu akawekewa posho ya siku, ya mazoezi na ya onyesho. Tulishangilia sote, na sikuona mtu aliyekataa.

Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Kwanza tukapunguzwa idadi, kwa sababu bajeti ilikuwa ya watu kumi na wawili na sisi tulikuwa zaidi ya thelathini. Walioondoka ni waitikiaji. Yaani wale wenye haya, wale ambao kikundi kilikuwa kinawajenga. Pili, mazoezi ambayo hayakuwa na posho yakawa hayana watu. Wimbo mpya ukitungwa, swali la kwanza likawa, "Huu ni wa mradi?" Tatu, nani anaandikwa kwenye karatasi ya malipo na nani haandikwi likawa jambo la kununiana, na mwongozaji ambaye jana alikuwa kaka yetu akawa bosi. Mradi ulipofika mwisho wake, kama miradi yote, hakuna aliyetangaza kuvunja kikundi. Watu hawakuja tu. Siku niliyokwenda kuchukua tari yangu nilimkuta mlinzi peke yake.

Siulaumu mradi wala siwalaumu wenzangu. Ujumbe ule ulikuwa wa maana na huenda uliokoa watu. Lakini posho ilibadilisha sababu ya kuja. Mwanzo mtu alikuja kwa sababu asipokuja wimbo haukai. Baadaye alikuja kwa sababu analipwa kuja. Ile sababu ya kwanza ikishaondoka mtu hairudishi kwa kuamua, hata akitaka.

Sasa nauli. Hapa Mgosi umenibana na ni haki yako. "Bure" si sawa kwa kila mtu. Anayekaa karibu anatoa jioni yake tu, anayetoka Pongwe anatoa jioni na chakula cha kesho. Tukisema kila mtu ajitegemee, tutabaki na kikundi cha watu wenye ahueni, na mnyapara wetu wa bajaji hatakuwamo. Siku akija kufanya mazoezi anaacha abiria.

Tulichokubaliana sisi ni hiki. Kuna kibubu. Kila anayekuja anatia alichonacho, na asiye nacho hatii, na hakuna anayeandika. Kutoka humo wanarudishiwa nauli wanaotoka mbali, nauli halisi ya daladala na si zaidi. Siku ya onyesho watazamaji wakitunza, kama ilivyo desturi, tunzo lote linaingia kibubuni, hata kama mtu amebandikwa noti usoni. Hilo lilizua maneno mwanzoni, na mama wa vitumbua ndiye aliyelimaliza: alitunzwa kuliko wote siku ile, akazibandua noti zote mbele yetu akazitia kibubuni bila kusema neno.

Tofauti ya nauli na posho naiona hivi. Nauli inamwondolea mtu kizuizi cha kuja. Posho inamnunua aje. Najua mstari kati ya hizo mbili ni mwembamba, na kikundi kikilegea utafutika.

Kuhusu umaarufu, sikatai. Wapo wanaokuja kutafuta kuonekana, na sioni aibu kwao, hata beni walitaka kuonekana. Wengine wanaondoka mapema. Wengine wanajikuta wamepewa kazi ya kushona mavazi ya miche ya mkonge, na wamekaa. Binti mmoja aliyekuja na simu yake kutafuta wafuasi, sasa ndiye anayeshika daftari la nyimbo. Hajaiacha simu. Amepata na kitu kingine.

Neno kwa wanaotaka kuanzisha: kaandikisheni kikundi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema, msingoje mpaka mjulikane. Nyimbo tungeni wenyewe, au mkitumia za watu ombeni ruhusa. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, na heshima kwa mtunzi ni sehemu ya kazi hii.

#15 Mgosi wa Mabawa

Kibubu nimekielewa. La kutoandika nani kaweka, hapo mmefanya jambo. Naondoa kauli yangu ya Chuda. La njaa nabaki nalo.

#16 Sauti ya Nne

Nimerudi. Naimba kwaya kanisani tangu nikiwa darasa la tano, na bado naimba. Watu huniuliza kwa nini nahangaika na igizo wakati kwaya ninayo.

Kwaya naimba nikiwa mimi. Kila Jumapili nasimama mbele ya Mungu na jina langu. Kwenye igizo letu nilipewa nafasi ya manamba aliyetoroka shambani akamwacha mwenzake mgonjwa kambini. Mimi sijawahi kumwacha mtu. Ilinibidi nitafute ndani yangu mtu anayeweza kufanya hivyo, nimwimbie wimbo wake bila kumhukumu. Ilinisumbua, hata usingizi ulikuwa mgumu. Tangu hapo namsikiliza mtu aliyekosa kwa namna nyingine, na mke wangu ameliona hilo kabla yangu.

Kwa hiyo Mkaa Chuda, kwenye sababu zako weka na hii. Kuna watu wanakuja ili kwa muda mfupi wawe mtu mwingine, na wanarudi nyumbani wanawaelewa watu wengi zaidi.

#17 Babu wa Barabara ya Nane

Hapo umenena, mwanangu.

#18 Mama Wawili

Habari zenu wote. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nipo Mikanjuni, nashona mashuka, sijawahi kupanda jukwaani ila shuleni nilikuwa naimba. Naomba kuuliza, mtu mwenye mtoto mdogo wa kubeba anaweza kuja? Sina wa kumwachia. Na je, kama sauti yangu imeshakuwa nzito siku hizi?

#19 Mkaa Chuda

Dada Mama Wawili, karibu sana. Njoo naye. Mama wa vitumbua anakuja na wajukuu wawili, na kuna mkeka kona ya darasa kwa ajili ya watoto, tunapeana zamu ya kuwaangalia. Akilia wakati wa wimbo tunaendelea, tumeshazoea.

Sauti nzito ndiyo tunayoitafuta. Wanawake wa sauti ya pili tunao watatu tu, na kwenye wimbo wa wake za manamba wanazidiwa na ngoma. Na kama unashona mashuka, fundi wetu wa mavazi atakukumbatia mlangoni.

Nimekutumia ujumbe faragha wa mahali na siku. Kutoka Mikanjuni ni daladala moja, na nauli ya kurudi ipo.

#20 Binti Pangani

Wakikuchosha njoo kwetu, dada. Tuna mwalimu wa lelemama.

#21 Babu wa Barabara ya Nane

Naona ushindani umeshaanza. Mkaa Chuda, wahimize watu wako kwenye zile nyimbo zinazolegalega.